Barua Isiyo Yangu: Kuitazama na Kuihakiki Filamu

Neno uhakiki limezoeleka mno masikioni mwetu hata tumesahau lilikotoka. Mzizi wake ni mmoja na wa hakika na haki. Kuhakiki jambo ni kulipima mpaka ujue kuwa ni kweli, kama mtunza ghala anavyohakiki magunia kabla ya kutia saini. Kwa maana hiyo mhakiki wa fasihi ana madeni mawili. La kwanza ni deni la hakika: aseme kilichomo katika kazi, si kile alichoambiwa kuwa kimo. La pili ni deni la haki: asiidhulumu kazi ya mwenzake kwa sifa za bure wala kwa lawama za bure. Atakayelikwepa deni la kwanza hawezi kulilipa la pili.

Nilisomea ualimu Butimba, Mwanza, mwanzoni mwa miaka ya 1980, kisha nikafundisha Kiswahili katika shule za sekondari kwa zaidi ya miaka 30. Katika muda huo nimesahihisha insha za uhakiki zisizohesabika, na naweza kuandika kwa kichwa sentensi iliyojirudia kuliko zote: "Mwandishi amefaulu kwa kiasi kikubwa katika matumizi ya tamathali za semi." Sentensi hiyo haina kosa la sarufi. Haina uongo pia, kwani ni mwandishi gani asiyetumia tamathali? Kasoro yake ni kwamba inaweza kuandikwa na mtu ambaye hajaufungua ukurasa wa kwanza wa kitabu. Mwanafunzi ameinakili kutoka kwenye madesa, na aliyeandika madesa ameinakili kutoka kwenye madesa ya mwenzake. Kalamu imetembea, jicho limelala.

Baada ya kustaafu, vijana saba wa kidato cha tano na cha sita wa mtaani kwetu waliniomba niwasaidie kuandika vizuri. Nilikubali kwa sharti moja: kwa miezi mitatu ya mwanzo tusihakiki kitabu chochote cha mtihani. Tutazame filamu. Wapo wazazi walioguna. Kwao filamu ni mchezo wa kupotezea muda, na mwalimu mzima anawezaje kuwakalisha watoto mbele ya shuka jeupe badala ya ubao? Jibu langu lilikuwa jepesi. Nilitaka kazi ambayo madesa yake hayapo, inayoanza na kwisha katika kikao kimoja, ambayo sote tumeitazama kwa saa ileile na kwa macho yaleyale. Hapo hakuna mwenye kisingizio cha kukosa nakala, wala mwenye ujanja wa kuhakiki asichokiona.

Filamu niliyoichagua ni La Noire de... ya Ousmane Sembène, iliyotoka mwaka 1966. Urefu wake ni wa takriban saa moja, na picha zake ni nyeusi na nyeupe. Sembène alizaliwa Ziguinchor, kusini mwa Senegali, mwaka 1923. Alifanya kazi ya kupakua mizigo katika bandari ya Marseille, akaandika riwaya na hadithi fupi kwa Kifaransa, kisha akiwa mtu mzima akaenda Moscow kujifunza sinema, kwa sababu aliona watu wake wengi hawawezi kuvisoma vitabu vyake. Wapenzi wa Kiswahili si wageni kwake: Amandina Lihamba aliigeuza hadithi yake nyingine, Mandabi, kuwa tamthilia ya Kiswahili iitwayo Hawala ya Fedha. La Noire de... ilipata tuzo ya Jean Vigo nchini Ufaransa na Tanit ya Dhahabu huko Carthage, Tunisia, zote katika mwaka uleule wa 1966. Hayo niliwaeleza vijana baada ya kutazama, si kabla. Mtu akishaambiwa kuwa chakula kimesifiwa na wakubwa, ulimi wake hauonji tena.

Kisa chenyewe ni kifupi. Diouana, msichana wa Dakar, anapata kazi kwa familia ya Wafaransa waishio mjini humo. Familia inaporudi kwao, inamwita aifuate Antibes, kusini mwa Ufaransa. Anashuka melini akiwa amevaa vizuri, akitarajia kulea watoto na kuiona nchi. Anachokiona ni jiko, bafu, sebule na dirisha. Watoto hawapo. Anapika, anafua, anasugua sakafu. Mwisho anaurudisha mshahara aliolipwa, anakichukua kinyago alichokuwa amewazawadia waajiri wake, na anajiua. Mwajiri wa kiume anasafiri hadi Dakar kulirudisha sanduku lake na kumpa mama mzazi pesa za marehemu. Mama anazikataa.

Sauti ya filamu ni ya Kifaransa, na maandishi ya tafsiri chini ya picha ni ya Kiingereza. Nikawa mkalimani. Tunawafahamu watafsiri wa vibanda umiza, wanaokuambia nani jambazi kabla jambazi hajafika, wakatia na utani wao juu. Ni sanaa yenye heshima yake, lakini mimi nilijizuia. Nilitafsiri maneno, sikutafsiri maana. Mhusika aliponyamaza, nami nilinyamaza.

Tulitazama mara mbili. Mara ya kwanza kalamu zilikaa chini: mtu aiache filamu impite kama mvua. Mara ya pili kila mmoja aligawa ukurasa wake safu tatu: Nimeona, Nimesikia, Nadhani. Masharti yalikuwa kwamba hakuna neno liingie katika safu ya tatu bila kuwa na ndugu yake katika safu ya kwanza au ya pili. Baada ya hapo wakaandika.

Rasimu za kwanza zilikuja kama nilivyozitarajia. Watano kati ya saba walianza na "Filamu hii inahusu unyanyasaji wa Waafrika." Mmoja aliandika kwamba Madame ni katili, akaweka nukta, akahamia aya nyingine. Nilimuuliza swali ambalo likawa wimbo wa kikundi chetu: umeliona wapi? Alirudi kwenye safu zake akanyamaza muda mrefu. Kisha akasema: "Diouana anafanya usafi akiwa na gauni lake zuri na viatu vya kisigino kirefu. Madame anampa aproni. Baadaye anamwambia avue vile viatu." Nikamwuliza: ukatili uko wapi hapo, aproni si nguo ya kazi? Akajibu: "Mwalimu, hakumpiga. Alimvua kidogo kidogo ule ugeni aliokuja nao, mpaka akabaki mtumishi." Nilimwambia aiandike sentensi hiyo kabla haijapoa. Ilikuwa uhakiki wake wa kwanza wa kweli, na haikuhitaji neno unyanyasaji.

Mwingine alimpinga. Kule Dakar, alisema, Madame alikuwa mpole. Kwa nini mtu mmoja awe na tabia mbili? Mabishano yakapamba moto. Mmoja akasema kule Dakar alikuwa na watumishi wengine na nyumba ya nafasi, huku amebanwa. Mwingine akasema upole wake ulikuwa wa mtu anayechagua, na akatukumbusha Dakar, pale wanawake wanapokaa kando ya barabara wakingoja kuajiriwa. Madame anafika na miwani yake myeusi. Wenzake wote wanainuka kumkimbilia, Diouana anabaki ametulia, naye ndiye anayechaguliwa. "Alichaguliwa kwa ukimya wake," kijana alisema, "na kule Ufaransa ukimya uleule ukawa kosa." Sikuamua nani ameshinda. Kazi ya mwalimu hapo ni kuhakikisha kila mwenye hoja ameileta na shahidi wake.

Kwa washairi wanaosoma hapa, jambo litakalowavutia zaidi ni kile kinyago. Diouana anakinunua kwa mtoto mdogo wa kiume na kuwapelekea waajiri wake kama zawadi. Katika nyumba yao ya Dakar kinawekwa pamoja na vitu vingine vya sanaa ya Kiafrika. Antibes kinaning'inia peke yake kwenye ukuta mweupe. Diouana anakitaka, Madame anakishika, wanavutana. Mwishoni kinarudishwa Dakar, na yule mtoto anakivaa usoni na kumfuata mwajiri nyuma nyuma, kichochoro kwa kichochoro, mpaka mtu mzima anaharakisha hatua kama anayefukuzwa na deni. Kijana mmoja wetu, ambaye hutunga tarbia, alisema kwamba kinyago kile ni kibwagizo. Nilimwomba afafanue. Akasema kibwagizo hakibadiliki neno hata moja, lakini kila ubeti unapokwisha kinakuja na mzigo mpya, kwa sababu ubeti uliotangulia umekipa. Kinyago ni kilekile cha mti, hakikuongezwa rangi. Kilichobadilika ni ukuta na mikono. Nimefundisha mashairi miaka mingi, na nakiri sikuwahi kusikia kibwagizo kikielezwa vizuri namna hiyo ndani ya darasa la ushairi. Ilibidi tupitie sinema ili tulione shairi.

Lakini kiini cha filamu hii, kwa maoni yangu, ni barua. Siku moja inafika barua kutoka kwa mama yake Diouana. Diouana hajui kusoma, hivyo Monsieur anaifungua na kumsomea. Mama analalamika kwamba hapati habari wala msaada. Monsieur anachukua kalamu na kuanza kuandika jibu kwa niaba ya Diouana bila kungoja aambiwe la kuandika. Sauti ya ndani ya msichana inatueleza kwamba barua ile si yake. Anaichukua barua iliyoletwa na kuichana.

Niliwaomba vijana waorodheshe kila andiko linalomhusu Diouana ndani ya filamu. Wakapata matatu. Barua ya mama imeandikwa na mwalimu wa mtaani anayewaandikia wasiojua kusoma, na mwalimu huyo anaigizwa na Sembène mwenyewe. Barua ya jibu inaandikwa na mwajiri. Habari ya kifo chake inaandikwa na gazeti, kipande kifupi kisichosema alikuwa mtu wa namna gani. Maandiko matatu, na hakuna hata moja lenye kalamu yake. Asiyeandika huandikiwa, na anayekuandikia hukuandika wewe.

Hapo ndipo binti mmoja, mpole kuliko wote, aliuliza swali ambalo sikulitayarisha: "Mwalimu, huyu dada anawaza kwa Kifaransa?" Mazungumzo yake na waajiri ni ya maneno machache tu, lakini mawazo yake tunayasikia kwa Kifaransa kilichonyooka. Niliwaeleza ninachojua: aliyeigiza ni Mbissine Thérèse Diop, lakini sauti tunayoisikia ni ya Toto Bissainthe, msanii wa Haiti. Basi hata ile sauti ya moyoni imeazimwa, lugha yake na koo lake. Je, hiyo ni dosari ya filamu, au ni ukweli wake wa ndani kabisa? Wanne walisema dosari, watatu wakasema ukweli. Mimi naona ni vyote viwili. Mwaka 1968 Sembène aliitengeneza Mandabi kwa Kiwolofu, na mhakiki anaruhusiwa kuamini kwamba alilisikia swali hilo kabla ya binti yetu.

Swali hilo lilitugeukia wenyewe. Nilizitandaza mezani zile sentensi za rasimu ya kwanza: "amefaulu kwa kiasi kikubwa", "filamu hii inahusu". Nikawauliza, hizi zimeandikwa na nani? Hakuna aliyecheka. Waliona wazi kwamba zile zilikuwa barua za Monsieur: zimenyooka, zina adabu, zimetiwa saini kwa jina lako, na hazisemi lolote ulilolihisi. Kijana huvumilia kuandikiwa hivyo mwaka hadi mwaka, mpaka anafika mahali hajui tena kwamba ana la kusema. Kwa sababu hiyo sikubaliani na wanaodhani uhakiki ni anasa ya wasomi. Ni zoezi la kujifunza kusema "hii si barua yangu", na baada ya kuichana, kuweza kuandika nyingine.

Yule binti ameniruhusu nieleze yaliyofuata bila kumtaja. Dada yake mkubwa anafanya kazi za ndani katika nchi mojawapo ya Ghuba. Wapo wengi waliokwenda huko wakarudi na mtaji na nyumba ya bati jipya, na wapo waliorudi na maradhi. Sikuruhusu kikao kizihukumu nchi za watu kwa filamu moja ya Ufaransa ya miaka ya sitini. Lakini rasimu ya pili ya binti haikuhukumu nchi yoyote. Ilitazama simu. Aliandika kwamba jumbe za dada yake hufika kila Ijumaa na zote husema "niko salama, kila kitu kiko sawa". Akaandika kuwa dada huyo, alipokuwa nyumbani, hakuwahi kusema kila kitu kiko sawa. Alikuwa mtu wa mafumbo. Akishiba alisema tumbo limefunga mlango, akichoka alisema miguu imegoma kama punda wa soko. "Naziona jumbe," aliandika, "lakini simsikii aliyeziandika."

Sijawahi kusoma uchambuzi wa mtindo ulio sahihi kuliko huo. Alikuwa ametumia kipimo tulichokitumia kwa Diouana: kuulinganisha mtindo wa andiko na mtindo wa mtu. Ijumaa iliyofuata alipiga simu badala ya kungoja ujumbe. Hakumuuliza dada yake kama yuko salama, kwa kuwa jibu la swali hilo lilikwisha kuandikwa. Aliuliza swali alilolitoa kwenye filamu, kutokana na picha ya chakula cha mchana ambapo wageni wanakula wali alioupika Diouana naye anabaki kutumikia: "Dada, huwa unakula na nani?" Kimya kilikuwa kirefu. Kisha dada akasema, "Nakula na sufuria, mdogo wangu. Sisi wawili tu." Fumbo lilikuwa limerudi. Wakazungumza muda mrefu, na mengine ni yao. Nitasema hili tu: mama yao sasa anajua tarehe ambayo mkataba unakwisha, na anajua namba ya mtu wa kupigiwa.

Sidai kwamba kila uhakiki utafungua mlango wa namna hiyo. Wengi wa vijana wale wamepata tu sentensi zilizo zao, na hilo si haba. Lakini kwa walimu na wazazi wanaotaka kujaribu, njia ni rahisi. Chagua filamu fupi ambayo hujaisoma uchambuzi wake popote. Itazame mara mbili. Usianze uhakiki kwa "filamu hii inahusu". Anza na picha moja iliyokataa kukutoka, uieleze kama ilivyo, ndipo uulize kwa nini imekataa. Muhtasari wa kisa usizidi aya moja, maana msomaji hakukutuma ukamtazamie. Amekutuma ufikiri mbele yake. Tafuta jambo moja ambalo hukubaliani nalo. Binti mwingine wa kikundi chetu, kwa mfano, mpaka leo hamsamehi Sembène kwa kumfisha Diouana. Anasema meli zilikuwa zikirudi Dakar, na msanii mwenye uwezo wa kumchania barua alikuwa na uwezo wa kumkatia tiketi. Hoja yake ina mashahidi wawili kutoka kwenye filamu, nami nimemwachia.

Kikao cha mwisho tulikitumia kulitafsiri jina. La Noire de... kwa Kiingereza limeitwa Black Girl, na zile nukta tatu zikapotea njiani pamoja na swali lake. Kiswahili kina bahati. Kiunganifu chetu "wa" hubeba asili na miliki kwa pamoja, kama kile cha Kifaransa: mtu wa Dakar, mtoto wa Asha, gari la tajiri. Tukisema "Mweusi wa...", msikilizaji atajazia mwenyewe: wa wapi, au wa nani? Kijana wa tarbia alikumbusha kuwa mtoto mdogo huulizwa "wewe ni wa nani?" kwa mapenzi, lakini mtu mzima akiulizwa hivyo ametukanwa, na Diouana ni mtu mzima. Tatizo ni kwamba "mweusi" kwetu hana jinsia, na Noire ni mwanamke. Tukiongeza "msichana" tunamtaja, lakini tunampunguzia umri. Tukiongeza "mwanamke" tunampa heshima, lakini jina linakuwa zito mdomoni. Vijana waligawanyika, na ubao ulibaki na majina matano yasiyofutwa. Ninyi mnaojua kupima mizani na uzito wa maneno, mngeliitaje?